Kompyuta ya Gari na Pasi ya Mkaa

Kompyuta ya gari letu ilikataa kuwaka siku ileile kaka yangu alipokuja kutoka Mombasa kumchukua baba. Ingegoma wiki moja kabla, ningeitukana na kuiacha. Ingegoma wiki moja baadaye, baba asingekuwapo Kampala kuisikiliza. Ilichagua Ijumaa ile, na mimi nilikuwa nimeifanya shahidi wangu mkuu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba yetu ya Old Kampala ilibaki na watu wawili: baba, na mimi bintiye niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Nilikuwa nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari upande wa Mengo, nikitoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mchana kutwa mzee alikuwa peke yake. Kaka, ambaye ni mkubwa wangu na ana biashara zake Mombasa, akaanza kusikia mambo. Akipiga simu usiku, simu ya baba haipatikani. Mkewe alipokuja kututembelea alikuta jiko la gesi halina kifundo cha kuwashia, na baba alipoulizwa kilipo alitabasamu tu akasema kipo. Ufunguo wa akiba wa geti haukuonekana. Betri za rimoti ya televisheni hazikuonekana. Kaka akajumlisha yote hayo akapata jibu moja, kwamba mzee akili zinamtoka na si salama kumwacha.

"Anasahau, dada," aliniambia kwenye simu. "Leo kifundo cha jiko, kesho atasahau njia ya msikitini."

Mimi pia nilikuwa nimevitafuta vitu vile hadi chini ya magodoro. Ila nilimjua baba. Babu zake walitoka pwani na marobota ya nguo, lakini yeye alizaliwa mtaa huu, akafungua duka mtaa huu, akamzika mkewe hapahapa Kampala. Huko Mombasa asingelalamika hata siku moja. Angekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye roshani ya ghorofa ya mwanawe, akinyamaza kwa adabu, mpaka kunyamaza kungemmaliza. Hilo niliogopa kuliko kitu chochote.

Ndipo nikamwambia kaka habari za kompyuta.

Nilikuwa nimeiunda mwenyewe, kwa vipande vya huku na huku, kwenye meza yetu ya chakula, na baba akiwa msaidizi. Bodi ilikuwa ya mtumba. Disiki ilitoka kwenye kompyuta ya mwalimu mwenzangu aliyeimwagia chai. Skrini ya kugusa tuliipachika kwenye dashibodi, mimi nikikata nafasi kwa msumeno wa chuma na baba akinisimamia kwa uchungu wa mtu anayetahiriwa mwanawe. Sanduku lenyewe lilikaa kwenye buti. Pembeni yake, ndani ya kontena la plastiki la chakula nililolitoboa matundu, kulikuwa na bodi ndogo ya umeme. Kazi yake ilikuwa kusubiri. Ukizungusha ufunguo wa gari, inangoja injini itulie, halafu inaiamsha kompyuta. Kwa hiyo sikuweka swichi nyingine mahali popote, ufunguo wa gari ulitosha. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Siku tuliyoifunga bodi hiyo, kikofia chake kilidondoka zuliani. Ni kipande cha plastiki nyeusi, kidogo kuliko harage, chenye shaba ndani, ambacho huvalishwa juu ya vijiti viwili vya chuma ili viungane. Tulipiga magoti wote wawili tukalipapasa zulia zima. Baba ndiye aliyekipata, chini ya mguu wa kiti, akakiweka kiganjani akauliza kitu kidogo hivi kina kazi gani. Nikamweleza kwa urefu, kama mwalimu nilivyo, naye akasikiliza hadi mwisho.

Baada ya hapo gari likawa baraza yake. Nilikuwa nimezihamishia kaseti zake zote humo, za kisomo na za taarabu alizopenda mama. Jioni nikirudi kutoka kazini, baba alishuka na kikombe chake cha kahawa, akaketi kiti cha mbele, akachagua anachotaka kwa kugusa skrini na ukucha wa kidole kidogo. Hakuwahi kukosea. Nilimwambia kaka kwamba mtu aliyepoteza akili hawezi hivyo, akacheka.

"Kompyuta ndani ya lile gari la mzee?"

"Njoo uone," nilisema, moto ukiwa umenipanda. "Siku utakayofika, baba mwenyewe ndiye atakayekuwashia."

Ijumaa asubuhi tulienda kumpokea stendi ya mabasi. Tulipotoka getini niliona skrini ni nyeusi, nikadhani inajivuta tu. Stendi kulikuwa na vurugu za kila siku, wapagazi, mabegi, wauza ndizi wa kukaanga. Kaka alishuka amechoka, akambusu baba mkono, na kabla hatujatoka hapo alikwenda dirishani akakata tiketi mbili za kurudi Jumapili, yake na ya baba. Akazitia katika mfuko wa ndani wa koti lake. Baba alilitazama koti lile.

Tulipoingia garini nikasema kwa sauti ya furaha, "Haya baba, mwashie kaka."

Baba alitikisa kichwa. "Hapana. Hapa si mahali pake."

Nikazima gari, nikazungusha ufunguo tena. Skrini ikabaki nyeusi tii. Nikarudia.

"Vizuri," baba akasema, kwa sauti ya mtu aliyeridhika.

Kwenye kioo niliona macho ya kaka yakinitafuta. "Ndiyo hii?" akauliza polepole. Aliuliza kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonikera. Ningependa zaidi angenicheka.

Nyumbani, jambo la kwanza lililompata kaka lilikuwa kujikwaa kidole kwenye pasi ya mkaa ya marehemu mama, ile nzito ya chuma yenye kitasa cha umbo la jogoo, ambayo siku hizo iliwekwa kuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Alichechemea akiuliza kwa nini takataka hii haijauzwa kwa wanunua chuma chakavu. Baba akaisogeza ukutani kwa mikono miwili, taratibu.

Wao walipokwenda kusali Ijumaa, mimi niliikalia kompyuta. Nilianza na fyuzi, zilikuwa nzima. Nikapima betri ya gari kwa mita, ilikuwa na nguvu zake. Nikafuata waya mmoja mmoja kutoka mbele hadi kwenye buti, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya viti. Hakuna uliokatika. Mwishowe nikang'oa kila kitu, sanduku na kontena lake na skrini, nikavimwaga kwenye meza ya chakula, nikaliunganisha sanduku na umeme wa nyumbani. Likawaka papo hapo, likaniletea orodha ya kaseti za baba kana kwamba halikuwa na kosa lolote. Nilitamani kulitupa dirishani.

Kwa sababu hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote katika kazi hii. Kitu kikiwa kibovu kabisa, unajua pa kuanzia. Hiki kilikuwa kizima mezani na maiti ndani ya gari. Nikakirudisha garini, kimya. Bodi ya umeme ilikuwa na taa yake ya kijani inayong'aa vizuri, ishara kwamba umeme unafika. Basi hitilafu iko wapi?

Jumamosi kaka alimwita fundi wa umeme wa magari aliyekuwa na kibanda chini ya mtaa wetu. Nadhani alifanya hivyo kwa kunihurumia. Fundi alikuja na mita yake, akainama kwenye buti, akapima palepale nilipopima mimi.

"Nnyabo, moto iko," alisema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Angaria, taa ya kijani inawaka. Rakini kompyuta yenyewe inakataa kuamuka. Mimi naona betri imechoka."

"Betri haijachoka," nilisema.

"Basi imekasirika."

Kaka alicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa sijalala vizuri, na tangu asubuhi nilikuwa nimelisikia begi la baba likifungwa zipu chumbani, likafunguliwa, likafungwa tena. Nikasema, kwa ukali ambao haukumstahili yeyote pale, kwamba naomba mtu asiguse kitu chochote. Baba, aliyekuwa amekaribia kontena la plastiki, akainua mikono yote miwili juu na kurudi nyuma.

Akasimama akinitazama ninavyohangaika. Kisha akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Kwani mwanangu unatafuta nini? Si unajua kilipo?"

Fundi akatazama chini. Kaka aliniwekea mkono begani, akaninong'oneza, "Umeona, dada?"

Nilikuwa nimeona. Kwa mara ya kwanza nilikubali moyoni kwamba huenda kaka yuko sahihi, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimejitia hamnazo mwaka mzima kwa kuwa sikutaka kubaki peke yangu katika nyumba ile. Niliinamisha kichwa ndani ya buti ili wasinione nikifuta machozi.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya nyumba na ndani ya buti giza lilishaanza. Fundi akaomba tochi. Baba akaenda ndani, akarudi nayo, lakini hakumpa fundi. Alinipa mimi.

"Shika wewe," alisema. "Mulika chini. Usimulike barabarani."

Nilibaki nimeishika vilevile. Maneno yale niliyajua, na sauti ile niliijua. Nilikuwa nimeyasikia kila jioni utotoni.

Miaka ile magari yalikuwa yanachukuliwa. Yalichukuliwa vizuizini, yalichukuliwa getini, na hata vita vya mwaka themanini na sita vilipokwisha watu hawakuamini upesi kwamba vimekwisha. Basi kila jioni baba alifunua boneti, akang'oa rota, kile kipande cha plastiki kinachozunguka chini ya kifuniko cha distributa na kuzigawia plagi moto. Bila rota gari haliwaki hata ulisukume hadi Entebbe, na asiyejua atadhani ni bovu. Kila mmoja wetu alikuwa na kazi yake. Kaka alisimama getini kutazama kama kuna mtu anakuja. Mimi nilishika tochi na kumulika chini. Mama alikuwa mlango wa jikoni, ameshafungua pasi yake ya mkaa, kwa sababu hakuna mwizi wala askari aliyewahi kutamani pasi ya mkaa. Rota ilitiwa humo, kitasa cha jogoo kikafungwa. Na sheria ilikuwa moja: jambo hili halitajwi. Halitajwi mbele ya mgeni, halitajwi mbele ya jirani, hata sisi kwa sisi hatukulitaja. Mtu akiuliza, gari ni bovu. Baba aliendelea hivyo miaka mingi baada ya amani, mpaka tuliponunua gari hili ambalo halina rota.

Nilimpa fundi tochi. Nikaingia jikoni.

Pasi ilikuwa pale ukutani alipoisogeza. Nilipiga magoti nikakizungusha kitasa cha jogoo na kuinua kifuniko. Juu kabisa kulikuwa na kipande cha karatasi ya kalenda kilichokunjwa mara nyingi, na ndani yake kikofia cheusi kidogo kuliko harage. Chini yake kulikuwa na kifundo cha jiko la gesi. Kulikuwa na ufunguo wa akiba wa geti, umefutwa mafuta usipate kutu. Kulikuwa na betri za rimoti, zimefungwa pamoja kwa mpira. Na chini kabisa, zimelazwa vizuri bila kukunjwa, kulikuwa na tiketi mbili za basi la Mombasa.

Nilikaa sakafuni. Nilicheka huku nalia, nikajiziba mdomo kwa upindo wa kanga wasinisikie nje. Mzigo wa mwaka mzima uliniondoka kifuani pale chini, nikapumua mpaka tumboni. Baba hakuwa amepoteza kitu. Kila kitu alichosemwa kukisahau kilikuwa mahali pake, mahali pake pa siku zote, na katika nyumba nzima sisi wanawe ndio tuliosahau.

Nilichukua kikofia peke yake. Vingine niliviacha, nikaifunga pasi.

Niliporudi kwenye buti nilifungua kontena, nikahesabu vijiti vya bodi kuanzia pembeni. Vilikuwa vingi, vingine vilitakiwa kuwa vitupu, ndiyo maana jicho langu lilipita juu ya pengo lile siku mbili bila kuliona. Nikakivalisha kikofia. Nikamwambia baba aketi mbele azungushe ufunguo. Injini ikanguruma, ikatulia. Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma mbele ya macho yangu, na kule dashibodini skrini ikaja na mwanga wake wa buluu.

"Eee," fundi akasema, "hasira imeisha."

Baba aligusa skrini kwa ukucha wa kidole kidogo, akaenda moja kwa moja kwenye kaseti aliyoitaka. Ilikuwa taarabu ya mama. Kaka alikuwa amesimama mlangoni pa gari, mkono juu ya paa, akiusikiliza wimbo.

Tulipobaki watatu nikamuuliza baba kwa nini alikitoa.

"Tulikuwa tunakwenda stendi," alisema. "Stendi wamejaa wezi. Mwizi akiona skrini haiwaki anajua ni kitu kibovu, anakuachia."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kitu cha aibu. "Mbele ya fundi? Halafu nilidhani unajua. Tangu lini rota ikakaa mahali pengine? Nikasema huyu mtoto ana akili, anawazuga watu."

Kaka akauliza habari za kifundo cha jiko. Baba akamweleza bila haraka kwamba pua yake siku hizi haisikii harufu ya gesi, na tangu mama afe hakuna mwingine wa kuisikia mchana, kwa hiyo alikitoa kabisa ili jiko lisiweze kuachwa wazi, tubaki kupikia mkaa. Wageni wa pwani walipokuja hakutaka kuwaambia kwamba pua imekufa. Betri za rimoti alizitoa kwa sababu televisheni ilikuwa inamfanya alale kwenye kiti. Na simu? Hospitali ilimpigia usiku kumpa habari za mama, alisema, na tangu siku hiyo simu yake haijalala na betri yake.

Kaka aligeuza uso. Mimi nililia waziwazi, sikuona sababu ya kujificha tena.

Jumapili baada ya chakula cha mchana kaka alivaa koti lake, akatia mkono mfuko wa ndani, akautoa. Akapapasa mfuko mwingine. Akaangalia chini ya kiti. Nikaendelea kukunja kitambaa cha meza kwa uangalifu mkubwa.

"Baba," akasema hatimaye, "umeziona tiketi?"

"Zipo."

"Umezificha?"

"Sikuzificha." Baba aliweka kikombe chini. "Gari nisilotaka liondoke, natoa rota."

Kaka alibaki amesimama katikati ya sebule. Niliona uso wake ukirudi nyuma miaka, mpaka nikamwona yule mvulana wa getini anayechungulia barabara. Alikwenda jikoni. Tulisikia kitasa cha jogoo kikilia, na baada ya muda kikilia tena. Aliporudi alikuwa ameshika kifundo cha jiko.

"Nimerudisha ufunguo na betri humo humo," alisema. "Hiki nakitumia. Nani anakunywa chai kabla sijaondoka?"

Tulikunywa chai. Alimwambia baba kwamba atamtafuta mama mmoja wa kuaminika wa kukaa naye mchana, na baba akasema vyema, mradi ajue kunyamaza. Begi la baba lilibaki chumbani, na kabla ya kutoka nilimsikia akilifungua zipu na kutoa nguo zake.

Wakati wa kumpeleka stendi ulipofika, wao walitangulia garini. Mimi nilifungua buti, nikakivua kikofia, nikarudi nacho jikoni. Ndani ya pasi, katika zile tiketi mbili, ilikuwa imebaki moja tu, ya baba. Nilikiweka juu yake, nikafunga.